Nilisema Nywele Zitabadilika

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba tatu, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyetaja jambo hata moja nililolikosea. Nawashukuru kwa adabu yenu. Lakini mwezi uliopita Nesi Happy, mdogo kuliko wote mliobaki pale zahanati, alinipigia simu nikiwa huku Mwankoko napalilia vitunguu. Alikuwa amezalisha, mama salama, mtoto salama, ila nywele za mtoto zilikuwa na rangi ya shaba na wazazi wote wawili ni weusi tii. Baba ametoka nje, hajarudi. "Mama, nimwambie nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwa ufupi kwa sababu mtandao ulikuwa unakatakata. Hili ndilo jibu refu. Walionisihi niandike kumbukumbu za kazini wanivumilie. Vyeo na mishahara sitaviandika, kwanza havikuwa vya kujaza hata ukurasa mmoja.

Nilianza kazi na sare niliyoshonewa kubwa ili nikue nayo, utadhani naenda darasa la kwanza. Aliyenipokea ni Sista Paskalina, mkunga mkuu wa kituo chetu, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hata madaktari walimwamkia kabla hajawaona. Alinikabidhi jiko la mkaa na sufuria. Wiki mbili sikugusa mama wala mtoto, nilichemsha mikasi na koleo mpaka mikono ikanuka moshi. Wiki ya tatu akanipa kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Akanifundisha kukiweka tumboni kwa mama, kubana sikio langu upande wa pili, kisha kuondoa mkono kabisa. "Ukikishika utasikia mapigo yako mwenyewe," aliniambia, "halafu uandike kuwa ni ya mtoto." Nilifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili alijua.

Alikuwa na kanuni nyingine ambayo niliiona ndogo wakati ule. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Watu wetu, alisema, wanaweza kuitilia shaka dawa, wanaweza kumtilia shaka hata daktari, lakini neno alilolisema mkunga akiwa amempakata mtoto wao watakwenda nalo nyumbani na kulilalia miaka. Niliitikia "ndiyo Sista" na kurudi kwenye sufuria yangu.

Sasa nywele. Ukizalisha muda mrefu unajua kwamba watoto wetu hawazaliwi na nywele walizonazo watu wazima. Wengi huja na nywele laini zilizolala, nyingine za kahawia, nyingine zenye wekundu kidogo ukizitazama juani. Nyingi hupukutika miezi ya mwanzo, zinaota nyingine nyeusi, na watu wanasahau. Nilipohamishiwa mjini kwa muda nilikuta mambo ni hayo hayo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, wa familia ya wenye duka la vitambaa, aliyenishika mkono akinong'ona kwamba mjukuu wake ana nywele za kahawia na mkwewe anamtazama vibaya binti yake. Nilimwonyesha kope na nyusi za mtoto, zilikuwa nyeusi, nikamwambia asubiri. Alisubiri, zikageuka, akaniletea chapati kwa mwezi mzima. Chapati zile ziliniharibu. Nilijenga imani kwamba nywele zote husubiriwa.

Nilikuwa na miaka kumi na zaidi kazini, nimeshajiona mkubwa, nilipokuwa zahanati moja ya Ikungi, ndani kidogo kutoka barabara kuu. Pale alijifungua Zuhura, binti wa Mtinko aliyeolewa kijijini hapo, mimba yake ya kwanza. Mumewe aliitwa Hamisi. Kazi yake ilikuwa kununua kuku nyumba kwa nyumba, kuwajaza kwenye matenga na kuwapeleka Ihanja kwa baiskeli, ambako magari yaliwachukua. Mtu mpole, mcheshi, aliyeweza kukuambia kuku amekula nini kwa kumshika kifua tu.

Mtoto alitoka analia vizuri. Wa kike. Ngozi yake ilikuwa nyeupe yenye wekundu na nywele zake zilikuwa kama ndevu za mahindi mabichi. Nyusi hivyo hivyo. Kope hivyo hivyo. Nikaziona kope, jamani, na nikajua ninachokiona, maana chuoni tulifundishwa. Nikamfunga kitambaa mpaka kwenye paji la uso, kitu ambacho siku nyingine sikuwa nakifanya, nikamwita baba.

Hamisi alimfunua kitambaa kwa kidole kimoja. "Nesi," akasema, "hii rangi ni ya nani?"

Zuhura alikuwa kitandani pale pale, anasikia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwona anavyonitazama, na huruma ikanishinda. Nikasema, "Hizi ni nywele za tumboni, baba. Mkimnyoa zitaota nyeusi."

Hamisi akacheka kwa kupumua, kama mtu aliyetua mzigo. Akaenda kumwita mama yake waje kufurahi. Nami nikaenda kuosha vyombo nikijipongeza kwamba nimeiokoa nyumba ya watu kwa sentensi mbili.

Siku ya saba walimnyoa, kama ilivyo desturi yao, wakamwita Salma. Zikaota za njano. Siku ya arobaini wakamnyoa tena, zikaota za njano. Bibi yake, mama yake Hamisi, akasema wembe wa kwanza haukuwa na makali, hivyo wakamnyoa mara ya tatu. Kila mwezi siku ya kliniki ilipofika, Hamisi alikuja mwenyewe na mkewe. Wakati ule mwanamume kliniki alikuwa kioja. Akina mama walibanana kwenye benchi wakicheka chini chini kwamba huyu anampenda mkewe mpaka kwenye mizani. Hakuja kwa mapenzi. Tulipomning'iniza Salma kwenye mizani, Hamisi alimvua kofia, akatazama utosi, halafu akanitazama mimi. Nami niliandika uzito kwenye kadi, nikasema, "Anaendelea vizuri."

Salma alipotimiza miezi mitano Zuhura alikuja peke yake. Ulikuwa msimu wa palizi, alikuwa akishinda shambani na mtoto mgongoni. Nilipomvua Salma kofia, utosi wote ulikuwa malengelenge, mengine yamepasuka, nzi wanataka kutua. Ule unyoya wa njano tulioushindania ndio uliokuwa kinga yake ndogo, na mimi ndiye niliyesema waunyoe. Nilimsafisha. Zuhura akaniambia, bila kulia, kwamba Hamisi amesema atampa mpaka mwisho wa palizi. Nywele zisipogeuka, arudi kwao Mtinko na mtoto wa watu wa barabara. Siku zile kulikuwa na mafundi wa barabara waliopiga kambi karibu na kijiji, na mmoja wao alikuwa mzungu. Zuhura hakuwahi hata kumwona.

Hapo ningepaswa kusema. Nikasema nitaongea na mumeo, nikampa dawa ya kupaka, na nikakawia. Wiki tatu nilijipa sababu za kila namna. Zuhura akarudishwa kwao.

Ndipo nikaenda Ihanja kwa Sista Paskalina. Alikuwa ameshastaafu, anafuga mbuzi na kuwafokea kama alivyotufokea sisi. Nilimsimulia nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta ulezi.

"Mtoto ana ualbino?"

"Ndiyo, Sista."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

Akapepeta kidogo. "Ulidanganya kwa huruma. Sasa kaseme kweli kwa aibu. Na usianzie kwa mwanamke, yeye hana kesi. Nenda kwa mume, na mama yake awepo."

Nikamwambia nitashindwa kueleza, kwamba ya chuoni nimeyasahau nusu. Akaweka ungo chini, akanieleza kwa punje za ulezi, nami nimeeleza hivyo hivyo maisha yangu yote. Kila mtu ana punje mbili za rangi, moja kapewa na baba yake, nyingine na mama yake. Punje moja nzima inatosha kumtia mtu weusi wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na moja nzima na moja tupu, akawa mweusi kama wewe na mimi, akaishi na kufa asijue. Akioana na mwenzake aliye hivyo, kila mtoto anachota punje moja kwa baba na moja kwa mama, bila kuchagua. Mara nyingi atapata walau moja nzima. Siku moja atachota tupu na tupu. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyetoka nje ya ndoa. "Na usisahau kumwambia," akamalizia, "kwamba tupu ya mama peke yake isingefanya kitu."

Nilifika kwa Hamisi asubuhi kabla hajatoka na baiskeli. Kuku walikuwa wametapakaa uani. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni anapura alizeti kwa fimbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Hamisi alinipa kigoda, yeye akabaki amesimama.

Nikasema nimekuja kukiri kosa. Nikasema siku Salma alipozaliwa nilijua nywele zile hazitageuka, na niliwaambia zitageuka kwa sababu niliogopa. Nikaeleza ule ulezi wote. Nilipoona hanielewi, nikakamata jambo la kwake. Nikamuuliza kama hajawahi kuona jogoo mweusi na tetea mweusi wakatoa kifaranga cheupe.

"Nimeona sana."

"Ulimfukuza tetea?"

Hamisi alitaka kucheka, akajizuia. "Kuku ni kuku, nesi. Mke wangu si kuku. Tetea halali na fundi wa barabara."

Nilikaa pale kwenye kigoda naona elimu yangu yote imeishia hapo. Kisha fimbo ikanyamaza mlangoni. Mama yake Hamisi alisema jambo kwa Kinyaturu, polepole, na Hamisi akageuka mzima mzima kumtazama. Mimi Mnyiramba sikulishika lote. Akalirudia kwa Kiswahili, akinitazama mimi ili asimtazame mwanawe.

"Aliyenifuata mimi kuzaliwa alikuwa hivyo. Nywele hizo hizo. Aliishi mpaka akaanza kutembea."

"Mdogo wako?" Hamisi akauliza. "Mbona hukuwahi kusema, mama?"

"Marehemu mama alitukataza. Alisema tukitaja hatutaolewa." Akaanza kukusanya alizeti zilizoruka, moja moja. "Nilipomwona huyu mtoto nilijua. Nikasema labda wembe utamsaidia."

Alilia hapo, mama wa watu, na mimi nikalia naye, maana tulikuwa wawili tuliojua na tukanyamaza, na binti wa miaka kumi na tisa ndiye aliyebebeshwa. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyowaambia wajawazito wanaoona haya kupimwa. Siku ile usemi ule ulinigeukia mwenyewe. Hamisi alikwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji. Akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo limetoka kwangu?"

"Kwako na kwa mwenzio. Kwake peke yake lisingetokea, na kwako peke yako lisingetokea."

Mngedhani yaliishia hapo. Hamisi na mama yake walikwenda Mtinko wakiwa na kuku wanne na maneno mazuri, wakarudi bila Zuhura. Alikuwa amekataa. Alisema nesi aliyesema zitageuka aje aseme hazigeuki, mbele ya baba yake, mbele ya mama zake wadogo, na mbele ya jirani aliyeleta ule uvumi wa fundi wa barabara. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nimezalisha mapacha waliokaa vibaya, nimewahi kuzalisha nyuma ya gari la mkaa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kusimama katika ua ule na kuwaamkia wazee mmoja mmoja kabla sijajishitaki. Nilisema yote. Baba yake Zuhura alinishukuru, jambo lililonichoma kuliko kama angenitukana.

Zuhura alinisindikiza mpaka njiani na Salma kifuani. Utosi ulikuwa umepona, nywele zimeanza kuota tena. Akaniambia, "Nesi, mimi nilijua sijafanya kitu. Lakini uliposema zitageuka, na hazikugeuka, hata mimi nikaanza kujiuliza nimefanya nini."

Sentensi hiyo sijawahi kuitua. Nawapa ninyi mnisaidie kuibeba.

Alirudi kwa mumewe baada ya mavuno, kwa hiari yake, na kwa sharti kwamba wembe usimguse mtoto tena. Tukaanza kujifunza pamoja, maana hata mimi nilikuwa sijui mengi. Mikono mirefu, kofia ya pama, shambani mtoto abaki kivulini na palizi ya mchana iachwe. Tuliona macho yake yanachezacheza na hapendi mwanga, tukampeleka mkoani. Mafuta ya kuzuia jua yalipatikana kwa msimu kama mvua zetu. Halafu ikaja miaka ile ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa, na kila mzazi wa mtoto kama Salma alilala macho wazi. Hamisi alimpeleka shule mwenyewe kwa baiskeli kila siku, Salma amekaa kati ya matenga, kuku kulia na kuku kushoto, na alimfuata mwenyewe. Mwalimu wake alimweka dawati la mbele karibu na ubao bila kuombwa mara mbili. Nawashukuru watu wale wote. Namshukuru hasa mama yake Hamisi, ambaye tangu siku ile ya alizeti alikuwa akija kliniki kila nilipomwita, anakaa na wazazi wapya, anawasimulia habari za mdogo wake kwa jina. Alifanya kazi ile kuliko mabango yote tuliyoletewa.

Kwa hiyo Happy, na wenzio, nifanyavyo ni hivi. Mtazame mtoto nyusi na kope kabla hujafungua mdomo. Kama ni nyeusi na nywele za kichwani ndizo zenye rangi, unaweza kusema mara nyingi hubadilika, lakini sema "mara nyingi". Zikiwa nyeupe au za njano kote, sema ukweli pale pale, baba na mama wakiwa pamoja, na wewe ukiwa umempakata mtoto kama unavyompakata mwingine yeyote. Usimfunike. Kama hujui, sema hujui, na umpeleke kwa wanaojua. Na mtoto aliyezaliwa na nywele nyeusi zikaanza kuwa nyekundu akiwa na mwaka au miwili, huyo usimsimulie habari za ulezi, huenda ni utapiamlo, mpime mkono na uulize anakula nini.

Salma alikuwa na miaka sita Zuhura alipojifungua tena, mikononi mwangu. Mvulana, mweusi kama baba yake, nywele tele. Hamisi aliingia na Salma, kofia mkononi. Alimtazama mwanawe, akashukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Salma akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa wa mtoto, kwa vile haoni mbali. Alimpapasa nywele kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza baba yake nywele za mtoto zitageuka lini ziwe kama zake.

Nilitazama pembeni. Hamisi akachuchumaa akawa sawa na binti yake.

"Hazitageuka, mama," akamwambia. "Ndivyo alivyozaliwa. Tutampenda hivyo hivyo."